Mwanga Ndani ya Jino

Cherehani iliimba taratibu. Mapazia meupe yalijaa chumbani, na upepo ulipoyapuliza, fundi alijiona kama yuko ndani ya wingu. Alikuwa mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa. Alimaliza mshono, akaukata uzi kwa meno. Ghafla akashika mdomo.

"Jino limekuuma tena?" aliuliza wifi yake, aliyekuwa akipiga pasi.

"Linachoma, wifi. Hata maji baridi siyawezi."

"Twende kwa daktari wa meno."

"Anipige eksirei na mtoto huyu tumboni? Thubutu!"

"Kuuliza si ujinga. Kamuulize mwenyewe."

Wakaenda wote wawili. Daktari, mama mwenye sauti ya upole, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Eksirei ya jino hutumia mionzi kidogo sana," alisema. "Ikihitajika, hata mjamzito hupigwa kwa uangalifu. Lakini leo tuanze na mwanga tu. Huu hauna mionzi kama ya eksirei."

Akapunguza taa. Akaweka kifaa chembamba chenye mwanga na kamera kando ya jino la nyuma. Kwenye skrini, jino likang'aa kama mwezi nyuma ya ukungu. Fundi alitazama, hofu ikamtoka polepole. Kumbe kinywani mwake mna kitu kizuri hivi!

"Jino zima hupitisha mwanga," alisema daktari. "Palipoanza kuoza, mwanga hukwama. Unakiona kivuli hiki?"

"Nakiona. Jino litatoboka?"

"Bado. Tukipaka dawa ya floraidi, nawe ukapiga mswaki asubuhi na usiku, kinaweza kuishia hapo."

Akasogeza kifaa mbele. "Na hili linalochoma limelika ukingoni. Unakata nini kwa meno?"

"Uzi!" wifi alidakia. "Mikasi imejaa nyumbani, yeye kajigeuza panya!"

Wote wakacheka.

"Gamba gumu la jino likilika halioti tena," alisema daktari. "Nitalifunika, lakini uzi basi."

"Kwa hiyo mwanga unaona yote?"

"Hapana. Mizizi hauioni. Ndiyo maana eksirei bado ina kazi yake."

Fundi akaanza kutumia mkasi. Mswaki haukumpita hata siku alizochoka.

Baada ya kujifungua, alirudi kupimwa. Kivuli kilikuwa palepale, hakikukua. Mtoto, akiwa mapajani mwa shangazi yake, alikodolea macho jino lililong'aa kwenye skrini.

"Na huyu nimlete lini?" fundi aliuliza.

"Jino la kwanza likichomoza tu," alijibu daktari. "Usingoje limuume."