Huyo Siye Ndege Wetu

"Mpenzi, umekula? Huyu ndiye ndege wetu. Leo kanipeleka mpaka kwenye mzinga."

Vestina aliitazama picha iliyokuja na meseji hiyo kwenye simu mpaka vitumbua vikaanza kuungua.

Ladislas, mchumba wake, alikuwa mrina asali huko Ugalla. Tangu masika hawakuwa wamesikilizana sauti, ni meseji tu; mtandao wa porini mbovu, ndivyo alivyoandika. Naye Vestina, mtoto wa watu, amekataa wanaume wa Majengo mmoja mmoja, anasubiri barua ya posa.

Na ndege? Ladislas mwenyewe ndiye aliyemfundisha, siku walipokwenda pamoja kumwachia ndege wao sega lake la shukrani. Anayeongoza watu kwenye asali, dume lake lina koo jeusi na mdomo wa pinki. Yupo mwingine wa kufanana naye, mdogo kidogo, mgongo una ukijani, mdomo mfupi mnene. Huyo ukimfuata, unarudi na ndoo tupu.

Wa kwenye picha alikuwa na mgongo wa kijani na kidomo kifupi kinene. Mrina asali hakosei hapo hata akiwa na homa.

Vestina akazima jiko, akaenda moja kwa moja kwa Egide, mdogo wake Ladislas, fundi simu wa mtaa wa pili. Alipofika mlangoni akapiga namba ya Ladislas.

Ikaita ndani ya droo ya Egide.

"Ladislas yuko wapi?"

"Keti kwanza, shemeji."

"Nimekuuliza."

"Kaoa huko Kaliua. Aliniachia laini, akasema nikupoze mpaka umsahau."

"Kwa hiyo jioni zote hizo, aliyekuwa ananiuliza kama nimekula ni nani?"

"Ni mimi."

"Na ndege?"

"Nilimtoa mtandaoni. Kwangu wote ni wale wale."

"Kwa nini hukuniambia, Egide?"

Egide akainamisha kichwa.

"Ningekuambia, usingenijibu tena."

Vestina hakutukana. Alirudi nyumbani, akaifuta namba ya Ladislas, akasonga ugali wa mtu mmoja. Jioni ile chumba kilikuwa kimya mno. Alilia, na katikati ya kilio akagundua haelewi anamlilia yupi.

Simu ikalia mlio wa meseji. Namba ngeni.

"Ni Egide. Umekula?"

Akaigeuza simu kifudifudi, akala peke yake. Hakujibu. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa ameisubiri meseji hiyo.