Kidonda Kisichouma

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Zornitsa alimpelekea babu yake bakuli la mtindi na kipande cha mkate mweusi. Babu Velko alikuwa na mizinga arobaini ya nyuki kwenye mteremko wa milima ya Rodope, lakini asali yenyewe alikatazwa kuionja, kwani alikuwa na kisukari. Zornitsa, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyemlinda asidokoe.

Jumatatu moja alimkuta akivua soksi ya sufu iliyogandamana na unyayo. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda chenye ukingo mweusi, na kilinuka.

"Babu! Hiki nini?"

"Lengelenge la buti mpya tu. Mbona umekodoa macho kama bundi? Wiki ya tatu sasa, na haliumi hata chembe. Ole wako umwambie mama yako! Atanifungia ndani, na nyuki ndio wanaanza kutoka."

Jirani yao, Mzee Pencho, akachungulia dirishani. "Velko, mguu ni mifupa. Ngoja Ijumaa ya wiki ijayo nikupeleke kwa daktari wangu wa mifupa. Goti langu hili alilitengeneza yeye, sasa nacheza ngoma kama kijana!"

"Unacheza kama dubu," babu alimjibu, na wazee wakaangua kicheko.

Zornitsa hakucheka. Shuleni, hesabu hazikumwingia kichwani. Hakupenda kumchongea babu yake, lakini neno moja lilimkera: haliumi. Yeye akichubuka kisigino kidogo tu, huchechemea kutwa. Ilikuwaje shimo kama lile lisiume? Kengele ya mwisho ilipolia, alikwenda moja kwa moja zahanati, kwa Daktari Karamanova aliyeitibu familia yao miaka yote.

Alieleza kila kitu, hata lile katazo. Daktari alisimama kabla hajamaliza.

"Haliumi, umesema? Twende."

Babu alipowaona, akawaka. "Kumbe nafuga mpelelezi nyumbani mwangu!"

Zornitsa hakukiinamisha kichwa. "Nikasirikie tu, babu, hata mwaka mzima. Mradi ubaki na miguu miwili ya kunikimbizia."

Mzee akanywea. Daktari akamfumbisha macho, akamgusagusa unyayo kwa uzi mgumu. Babu hakuhisi kitu.

"Sukari imeua hisia za mguu wako, Mzee Velko. Ndiyo maana husikii maumivu."

"Kwa hiyo si mifupa?" aliuliza Pencho, aliyekwisha kuingia bila kubisha hodi.

"Wa mifupa huenda tukamhitaji baadaye. Kwanza aende kwa wanaotibu miguu ya wenye kisukari. Na ni leo, si Ijumaa ya wiki ijayo."

Aliandika barua, akapiga simu hospitali kubwa ya mjini Plovdiv, na kabla jua halijazama babu alikuwa amelazwa. Walikisafisha kidonda, wakampiga picha ya mfupa, wakampa dawa na kiatu maalumu kisichoukandamiza unyayo. Mfupa ulikuwa bado salama. Daktari wa huko alimwambia mama yake Zornitsa kwamba wangechelewa kidogo tu, huenda wangekuwa wanazungumzia kuukata mguu.

Baada ya siku kumi Zornitsa alikwenda kumtazama. Alipotokea mlangoni, babu aliipigia makofi wodi nzima ili wamsikilize.

"Jamani, huyu ndiye yule niliyewasimulia! Mimi niliona lengelenge, Pencho akaona mfupa, mtoto huyu akaona ugonjwa!"

Wagonjwa wakamshangilia. Masikio yalimwaka moto Zornitsa, lakini alisimama wima kama bendera.

Babu akamvuta karibu, akamshika mkono. "Sikia, mjukuu wangu. Daktari hachaguliwi kwa kutazama kidonda kilipo, wala kwa goti la jirani. Anza na yule anayekujua, mweleze ukweli wote, naye atakuonyesha mlango wa kubisha. Na siri inayomwozesha mtu mguu haitunzwi, hata akikuomba babu yako."