Bibi Asiyeulizwa Jina

Jioni ile nilifunga duka langu la vipuri vya pikipiki, hapa Majengo, Sumbawanga, jua bado halijazama. Nilikuwa nimenuna. Mke wangu Jovina alinisubiri nje, kajikunyata ndani ya sweta. Mdogo wake, Kelvin, alikuwa ametengeneza filamu ya kutisha na wenzake, na siku hiyo ndiyo ilikuwa inaonyeshwa. Kutokwenda kungekuwa kesi ya ukoo mzima.

"Kwa uso huo watasema jini la kwenye filamu limekuja lenyewe," Jovina alinitania.

"Tadei kabaki na nani?"

"Dada wa kazi, Rosina. Nimemnyonyesha, kalala. Twende, baba."

Tadei ana miezi minne. Kabla yake tulizika wawili. Kwa hiyo mtu akiniona namuulizia mtoto kila nikigeuka, akae kimya. Mimi ni Ndimyake, mtu wa Mbeya niliyeoa huku kwa Wafipa. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea mwenyewe. Kupindisha maneno sijui, na anayenipindishia tunagombana hapo hapo.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa harusi. Walitundika shuka jeupe ukutani, wakawasha projekta, watu wakabanana kwenye viti vya plastiki. Kelvin alikaa kulia kwangu, magoti yanamtetemeka kwa furaha.

"Ni filamu moja yenye visa vitatu, shemeji. Cha kwanza cha mwenzangu Loth, cha pili cha wenzetu wengine, cha mwisho changu. Kila kisa na watu wake, hatukuingiliana. Hata mimi leo ndiyo naiona yote."

"Na huo uchawi mmeutoa wapi?"

"Maigizo tu, shem."

"Mnaigiza uchawi Sumbawanga?"

Alicheka. Mimi sikucheka.

Kisa cha kwanza kilihusu kijana aliyeiba mawe kwenye tanuru la kale, lile refu la udongo ambalo mababu wa Kifipa walikuwa wanayeyushia chuma. Kijana anachimba, upepo unavuma kwenye nyasi. Nyuma kabisa, mbali, alisimama bibi mmoja kajitanda kitambaa cheusi. Sikumtilia maanani. Kisha bibi akachuchumaa, akakunja viganja, akaanza kupiga makofi ya polepole. Ndivyo Wafipa wanavyosalimu kwa heshima.

Pa... pa... pa.

Nyuma yetu mzee mmoja akakohoa, akapiga makofi kuitikia. Ukumbi ukacheka. Mfipa aliyelelewa ndivyo alivyo. Akisalimiwa na mkubwa, mikono inajibu kabla kichwa hakijafikiri.

Kisa cha pili kilikuwa cha mvuvi wa Kipili, kule ziwani, anayevuta wavu wenye nywele za mtu. Mchangani, nyuma ya mitumbwi, alikuwepo bibi yule yule. Safari hii alikuwa karibu zaidi.

Pa... pa... pa.

Wengi wakaitikia. Na hawakucheka sana.

Nikamwinamia Kelvin. "Huyo bibi ni wa nani?"

"Mbona yuko na huku?" alinong'ona. "Mimi najua alikuja kwenye kisa changu tu."

Kisa chake ndicho kilichofuata. Mwalimu mgeni kapangishiwa nyumba ambayo kila jioni inapika yenyewe. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, uso unaonekana nusu.  Kelvin akageuka kumnong'oneza Loth, aliyekuwa kwenye projekta nyuma yetu.

"Loth, huyu si bibi yako?"

"Bibi yangu? Mimi nilijua ni wa kwenu. Alikuja akatusalimu, tukamwitikia, tukampa kigoda na uji. Akakaa mpaka tukamaliza."

"Hata kwetu hivyo hivyo."

Nikawakatiza. "Hakuna aliyemuuliza jina?"

Waliniangalia kana kwamba nimetukana. "Shemeji," Kelvin akasema, "bibi wa watu unamuulizaje wewe ni nani?"

Damu ilinipanda. Nikamshika Jovina mkono nimtoe, maana mimi nikishanusa ujanja sikai. Majina yalikuwa yanapita kwenye shuka, watu wanaanza kuinuka.

Picha ikarudi.

"Kisa hiki si chetu," Loth akasema nyuma yetu. Nilisikia anabonyeza, anachomoa waya. "Hiki si chetu! Nimezima!"

Shuka lote lilijaa uso wa bibi. Mikunjo... macho yenye ukungu... mdomo usio na meno. Ukumbini ikaingia harufu ya moshi wa kuni mbichi na udongo uliotoka kunyeshewa, na huu ni mwezi wa saba, mvua hakuna.

Pa... pa... pa.

Mkono wa mke wangu uliniponyoka.

Jovina alipiga makofi kuitikia.

"Hamjambo huko?" bibi aliuliza kwa Kifipa. Kifipa changu ni cha kununulia kuku, lakini hicho nilikielewa.

"Hatujambo, bibi."

"Na mtoto?"

"Hajambo, bibi."

"Mmekuja naye?"

Nilimziba Jovina mdomo. Nilichelewa.

"Hapana, bibi. Nimemwacha nyumbani."

Bibi akatabasamu. Akainuka, akatoka upande wa kushoto. Kwenye shuka kikabaki kigoda kitupu.

Sikumbuki tulivyotoka. Nakumbuka pikipiki, baridi ya uwanda ikinikata masikio, na Jovina mgongoni kwangu akirudia neno moja, "Nimemwambia... nimemwambia..."

Rosina alikuwa uani, anapepea jiko la mkaa.

"Mbona mnahema? Bibi yenu kafika. Nimemkaribisha ndani."

"Bibi gani?" nilifoka.

"Wala sikumuuliza. Kasalimu vizuri sana yule mama, mpaka raha. Kamuulizia Tadei kwa jina."

Nilipiga mlango teke.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chetu. Tadei yuko mapajani mwake, macho wazi. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama bibi kama anasikiliza maneno ambayo sisi hatuyasikii. Chumba kizima kilinuka moshi.

Bibi akanyanyua viganja. Pa...

Nyuma yangu nilimsikia Jovina anakunja magoti. Mama mwenye mtoto wake hatarini, lakini magoti yalikuwa yanakunjika yenyewe! Nikamkamata mikono yote miwili.

"Usiitikie!"

Nikamgeukia yule.

"Wewe ni nani?"

 Jiko la nje lilikuwa kama limeacha kutatarika. Bibi akashusha viganja, akanitazama.

"Wewe kule hukuitikia," akasema kwa Kiswahili, taratibu.

"Nimekuuliza. Nani wewe?"

Akacheka chinichini. "Kila nyumba wananikaribisha. Wananipa kigoda, wananipa uji, wananipa na ninachokitaka. Hakuna aliyewahi kutaka kunijua."

Alimlaza Tadei kwenye mkeka kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Akapita ubavuni kwangu. Kitambaa chake kilinigusa mkono. Kilikuwa kimelowa.

"Umelitaka jina langu," akaninong'oneza. "Leo sinalo. Nitakuletea."

Akatoka. Rosina alikuwa amesimama mlangoni pale pale. Anaapa hakuna mtu aliyempita.

Tadei hajambo. Ananenepa, analia usiku kama watoto wote, na kila akilia nashukuru. Kelvin na Loth waliifuta filamu yote. Loth anadai aliyewaazima projekta ndiye aliyetuchezea. Namsikiliza, simwamini. Kelvin hataki hata kuzungumza.

Jovina ndiye aliyenitia wasiwasi. Juzi, tukila, alisema, "Labda ungemwacha amalize salamu, angeenda zake. Sasa umemdai kitu."

Tuligombana. Nikamwambia swali si dhambi.

Leo jioni nilitoka dukani kidogo kufuata tairi. Niliporudi, Silvana anayeuza mitumba mlango wa pili akaniita.

"Ndimyake, bibi yako alikuwa hapa. Mbona hukuwahi kusema una bibi Ufipani?"

"Kasemaje?"

"Kasema usihangaike. Jina sasa analo. Akizunguka sokoni anarudi."

Nimeteremsha shata la mlango na kufunga kwa ndani. Nimekaa nyuma ya kaunta, taa nimezima. Harufu ya moshi inaingia kwa chini ya mlango, na nje kuna mtu anachuchumaa. Nasikia magoti yanalia.

Maisha yangu yote nimewaambia watu wanijibu wazi, usoni.

Huyu kaja kunijibu, nami nimeziba masikio.