Mlango wa Sufi

"Dada, una sufi ya kujaza ukuta?"

Mwanahawa aliinua macho. Miaka mitatu alikuwa akiuza mito ya sufi Soko la Mawenzi, na swali hilo hakuwahi kulisikia. Aliyeuliza alikuwa kijana wa fulana nyeusi, hedifoni shingoni.

"Ukuta wako unaumwa mgongo?"

"Unanipigia kelele," alisema Abeid, akacheka.

Hakudanganya. Alikuwa akichanganya muziki nyumbani, chumba cha juu chini ya mabati, na humo ukipiga kofi moja mwangwi ulizunguka pembe zote. Basi Mwanahawa akashona mito bapa ya marekani, akaishindilia sufi, na Abeid akaipigilia ukutani na kwenye dari. Kila Jumamosi Mwanahawa alipanda ngazi na dera lake la njano, wakashona na kutaniana, mpaka kofi likawa linafia palepale. Ukabaki mlango, uliopitisha kelele za wachomelea mageti wa jirani. Huo Mwanahawa aliuvika sufi mara mbili.

"Sasa mimi nikigonga utasikiaje, mpenzi? Weka basi hata taa ya kuwaka nikibonyeza kengele."

"Wewe nitakusikia kwa moyo, malkia wangu."

Mwanahawa akacheka, mjinga yule, badala ya kumkazania.

Kwao Uluguruni mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ndoa ya mtoto wa dada yake. Mjomba Twalibu alishuka kutoka Matombo siku ya Alhamisi, mkononi barua ya posa ya mwenye mashine ya mpunga wa Dakawa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Gari langu saa kumi. Huyo wako na alete mtu kabla ya hapo. Asipoleta, namjibu huyu."

Mwanahawa akapiga simu. Haipatikani, Abeid huizima akiwa kazini, eti inanguruma kwenye spika. Akakimbia mpaka kwake. Kandambili za Abeid zilikuwa mlangoni. Akagonga, akaita, akapiga mateke. Yumo, na hafungui! Saa nzima aligonga, kisha akarudi nyumbani na neno moja kwa mjomba: "Mjibu."

Wiki mbili hakupokea simu za Abeid, hadi alipomfuata sokoni.

"Nimekukosea nini, mama?"

"Niligonga saa nzima. Ulimficha nani humo?"

"Sikusikia, wallahi."

"Mwongo mkubwa."

"Twende. Kaa wewe ndani, mimi nigonge."

Alikwenda ili amuumbue. Akaketi kwenye kiti cha Abeid, naye Abeid akatoka na kufunga. Mwanahawa akangoja, akitazama mishono ya mkono wake mwenyewe. Hakusikia kitu ila pumzi zake. Alidhani ameondoka. Kisha mlango ukafunguka, na vidole vya Abeid vilikuwa vimechubuka.

"Nimeita jina lako mpaka wachomelea mageti wakazima mashine."

Mwanahawa akalia kwa uchungu.

"Mahari imepokelewa, Abeid. Harusi Ijumaa."

"Tumwendee mjomba. Tumweleze."

"Tumweleze nini? Kinywa changu ndicho kilichomwambia amjibu. Leo nimtie aibu mbele ya watu?" Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Afadhali ungekuwa umemficha mtu. Ningeolewa na hasira zangu. Sasa naolewa na nini?"

Mwanahawa akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Kwenye ngazi alisimama kidogo, asikie kama Abeid anamwita. Hakusikia kitu.