Roja ya Marieta

Jumamosi ya kliniki ya ndege, Marieta hakusubiri kuamshwa. Siku nyingine mama yake, muuguzi Bernadina, alilazimika kumvuta blanketi mara mbili tatu, lakini Jumamosi hiyo maji yalikuwa yameshachotwa, chai imeshachemka, na binti mwenyewe amekaa mlangoni ametega masikio kusikia mlio wa injini.

Ndege ilikuwa ndogo, na ilileta chanjo na dawa Yaeda Chini mara moja kwa mwezi. Barabara ya kushuka bondeni kutoka Mbulu ni ya mawe na makorongo, na masika ikichanganya haipitiki kabisa. Kiwanja kilikuwa uwanja mrefu wa nyasi, na ng'ombe waliupenda kuliko malisho mengine yote ya bonde. Hivyo kazi ya kwanza ilikuwa kuwafukuza. Kazi ya pili ilikuwa ya Bernadina: kusimama pembeni na redio ya mkononi, kumweleza rubani upepo unatoka wapi na kama njia ni kavu. Simu za kawaida hazikupata mtandao huko.

Rubani aliitwa Helena. Alizaliwa Mogitu, Hanang, kwa wakulima, na utotoni alichunga mbuzi kama watoto wengine. Marieta alipoyasikia hayo alishinda kichwa juu, kana kwamba rubani huyo ni dada yake wa tumbo moja.

Akina mama walipokuwa wakipima watoto, Helena alikaa kwenye kivuli cha bawa la ndege na kujibu maswali ya wanafunzi. Waliuliza mengi, na la kwanza lilikuwa kwa nini marubani husema "roja".

Akawaeleza kwamba zamani, kabla sauti hazijasafiri hewani, watu walitumiana ujumbe kwa kugonga herufi kwenye mtambo. Aliyeupata ujumbe wote aligonga herufi R, ya neno la Kiingereza lenye maana ya "nimepokea". Redio za sauti zilipokuja, kila herufi ilipewa jina ili isichanganywe na nyingine, na jina la R likawa Roja. Siku hizi R huitwa Romeo, lakini marubani walikuwa wameshaizoea Roja, wakabaki nayo. Akawaeleza pia kuhusu "meidei", neno ambalo rubani hulitaja mara tatu akiwa hatarini. Lilitokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "nisaidieni", likachaguliwa kwa kuwa linasikika vizuri hata redio ikikwaruza.

"Roja si ndiyo, wala si sawa," alisema Helena. "Ni nimepokea yote. Na ukipewa agizo kubwa, roja peke yake haitoshi. Unalirudia kwa mdomo wako, aliyekupa alisikie."

Kisha akamruhusu Marieta ajaribu redio. Marieta akabonyeza na kuanza na shikamoo, kama mtoto yeyote aliyelelewa vizuri. Helena akacheka, akamwambia hewani salamu hazina nafasi, husemwa jambo lenyewe tu. Bernadina alikunja uso kidogo. Mtoto kuzungumza na mkubwa bila shikamoo ni jambo ambalo hakuwahi kuliona nyumbani kwao.

Tangu siku hiyo Marieta alikuwa hasemeki. Shuleni aliitwa Kapteni, na jina hilo lilimkaa vizuri kupita kiasi. Akitumwa kuni, roja. Akiambiwa aoshe sufuria, roja, na sufuria zikabaki pale pale. Mama yake akamwambia kwamba roja yake haina miguu.

Jumapili moja ya masika, watu wakiwa wanatoka kanisani, Mama Gidamis aliletwa zahanati amebebwa kwenye machela ya miti. Uchungu ulikuwa umeanza tangu jana yake na mtoto hatoki. Mwanawe Gidamis alisoma darasa moja na Marieta, na sasa alikuwa ameegemea ukuta. Baba Gidamis, mfugaji mrefu mwenye shuka jeusi, alisimama mlangoni ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

Bernadina aliomba ndege kwa redio kubwa ya zahanati. Helena akakubali kuja. Lakini muuguzi alikuwa peke yake siku hiyo, na mgonjwa hakuwa wa kuachwa. Akamkabidhi Marieta redio ya mkononi na kumwambia asimame kiwanjani, Gidamis amsaidie kuondoa ng'ombe.

Marieta alikwenda mbio. Wanafunzi wenzake walikuwa wameshajipanga pembeni ya kiwanja, na walipoiona redio mkononi mwake wakaanza kunong'ona "Kapteni, Kapteni". Hata katika hofu ile, Marieta alijisikia mkubwa.

Sauti ya Helena ikatoka, lakini upepo ulikuwa ukivuma na redio ikikwaruza. Marieta alipata maneno machache tu: ng'ombe, upande, matope. Upande upi, hakusikia. Alijua la kufanya, maana alifundishwa: asiyepokea yote hasemi roja. Lakini kwao mtoto akiagizwa na mkubwa huitikia na kuondoka. Kumwambia mkubwa arudie ni kama kumwambia hajui kusema, ndiyo maana watoto wa bonde hilo huagizwa jembe wakaleta shoka, na hakuna anayeuliza. Zaidi ya hayo, macho ya shule nzima yalikuwa kwake.

"Roja," akasema Marieta.

Akaongeza haraka kwamba ng'ombe wanaondolewa. Helena alikuwa akipigana na mawingu juu ya milima na hakumdai arudie. Marieta akajiambia kwamba ndege hutokea upande wa mbuga kila mara, basi akamwelekeza Gidamis awasukume ng'ombe upande wa mlima. Gidamis akapiga mluzi, na kundi lote likahamia huko.

Ndege ikatokea. Ilizunguka juu ya bonde, ikaanza kushuka. Ilikuwa ikija kutoka upande wa mlima, moja kwa moja kwenye ng'ombe. Upande wa mbuga nyasi zilikuwa zimefunika matope ya mvua, na Bernadina alikuwa ameshamweleza Helena hayo kwa redio kubwa.

Marieta angeweza kunyamaza akaomba ng'ombe watawanyike wenyewe. Angeweza hata kudai baadaye kwamba redio iliharibika. Badala yake alibonyeza.

"Usitue! Ng'ombe wako mbele yako. Nilisema roja na sikusikia. Rudia, anti, tafadhali rudia."

Watoto wote walimsikia. Ndege ikainua pua, ikapita juu ya pembe za ng'ombe kwa ngurumo, ikapanda tena angani.

Sauti ya Helena ilirudi taratibu, bila hasira. Alisema atatua kutoka upande wa mlima, ng'ombe wote wapelekwe nyuma ya zahanati, na mtu asimame mahali matope yanapoanzia. Kisha akasema, "Nirudie."

Marieta akarudia kila kitu, neno kwa neno. Akatuma watoto wote wamfuate Gidamis, na yeye mwenyewe akakimbia kusimama ukingoni mwa matope. Ndege ikatua salama. Mama Gidamis akapakiwa, na ndege ikaruka kuelekea hospitali.

Jioni Marieta alimweleza mama yake yote, hata roja ya uongo. Bernadina alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia ale ugali wake.

Kliniki iliyofuata, Mama Gidamis alishuka kwenye ndege na mtoto wa kike kifuani. Helena alimwita Marieta mbele ya akina mama waliokuwa kwenye foleni ya mizani.

"Roja yako ya kwanza ilikuwa ya kujionyesha," alimwambia. "Ingeweza kutuua. Lakini kukiri kosa hewani, watu wakikusikiliza, hilo hata marubani wakubwa huwashinda. Asiyesikia aseme hajasikia. Hiyo ndiyo lugha yetu yote, mengine ni maneno tu. Mimi nakuamini ukishika redio."

Baba Gidamis akasogea, na Marieta akainamisha kichwa akimpa shikamoo.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwambia mtu mzima arudie maneno yake?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi niambie hivyo hivyo nikikuagiza ukakosa kusikia," alisema mzee. "Ungenyamaza kwa heshima siku ile, leo ningekuwa na kaburi."

Bernadina alikuwa ameshika karatasi za chanjo. Aliziweka chini, akamshika binti yake bega, akawageukia wanawake.

"Huyu ni mtoto wangu," akasema.

Foleni nzima ilijua hilo tangu Marieta alipozaliwa, lakini Bernadina alilisema kwa sauti kubwa, kisha akalirudia.