Nyangumi wa Kanamkemer

Chai ya Akiru ilikuwa na chumvi.

Si ile chumvi ya maji ya kisima ambayo kila mtu wa Lodwar ameizoea tangu alipoachishwa ziwa. Hii ilikuwa nzito na chungu, ya kumfanya mtu ateme mate. Akaimwaga, akachota kwenye jerikani nyingine, akachemsha upya. Ile ile. Akavuka kwa jirani kuomba kikombe cha maji, na maji ya jirani yalikuwa safi kabisa, ilhali yote yaliletwa na mkokoteni mmoja kutoka bomba moja.

"Maji hii iko na nini?" alimuuliza mume wake.

"Pengine ni mdomo yako mgonjwa," Lokiru akamjibu, macho amefumba. Alikuwa amejilaza sakafuni, shingo juu ya lile jiwe lake.

Hilo jiwe ndilo lililoleta balaa, acha nilieleze. Mwanamume wa Kiturkana ana ekicholong yake, kigoda kidogo cha mti. Akichoka hukikalia, akilala hukiweka chini ya shingo. Hakiazimwi ovyo. Wazee wanasema ukilalia ekicholong ya mtu, unaota ndoto zake. Sasa ya Lokiru ilikuwa imekanyagwa na gari kule kazini, ikapasuka, na badala ya kutafuta mti achonge nyingine kama watu wenye akili zao, yeye akaokota mfupa.

Maana kazi yake ilikuwa kuchimba mifupa. Watafiti walikuwa wamepiga kambi jangwani, kusini mwa Lodwar, wakitafuta mnyama wa baharini. Bahari, huku kwetu! Watu wa Kanamkemer, mtaa wetu wa Lodwar, walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini Adhar, msomi wa wanyama wa baharini aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma na aliyeongoza uchimbaji ule, aliwaambia wafanyakazi wasicheke. Hapo kale, alisema, palipita mto mkubwa ulioshuka mpaka baharini, na nyangumi mmoja akaufuata mto huo akipanda nao bara, akapotea, akafia huku peke yake, mifupa yake ikageuka mawe. Lokiru ndiye aliyefukua pingili moja ya uti wa mgongo. Akaijaribu shingoni, ikakaa vizuri ajabu, akaitia mfukoni mwa koti. Adhar alipouliza pingili moja imeenda wapi, Lokiru alitazama mchanga kama wenzake wote.

Basi, turudi kwa Akiru na chai yake.

Adhuhuri Kanamkemer hufa. Mbwa wanaingia chini ya magari, wenye maduka wanafunga mlango nusu na kulala juu ya magunia ya unga. Akiru alikuwa ameketi ndani akisuka kikapu cha majani ya mkoma, aliposikia mlio. Hakuusikia kwa masikio, aliusikia kifuani. Ulikuwa mrefu na mzito, kama wa ng'ombe anayemwita ndama wake aliye nyuma ya kilima. Ukaisha. Halafu Lokiru, akiwa usingizini, akasema kwa sauti ya upole:

"Nipo."

Nyumba ikajaa harufu. Akiru aliijua harufu ya samaki wa ziwani, aliizoea sokoni. Hii haikuwa hiyo. Alipomtazama mumewe, suruali ilikuwa imelowa hadi magotini, na ukutani, kwenye mabati, mstari wa maji ulikuwa umezunguka chumba chote kwa kimo cha magoti ya mtu aliyesimama. Sakafu ilikuwa kavu.

Siku zilizofuata mlio ulirudi kila adhuhuri, na Lokiru akaitika, na mstari ukapanda. Ukafika mapajani. Ukafika kiunoni. Akaanza kukohoa, na alichokohoa kilikuwa maji yenye mchanga. Hakula. Alikonda, na akiamka alikaa akitazama ukuta kama mtu anayengojea wageni.

Nitasema ukweli, jambo la kwanza lililomshika Akiru halikuwa hofu. Lilikuwa wivu. Ndiyo, wivu, juu ya mfupa! Tangu aolewe alikuwa ameishi na simu isiyopatikana. Mume yuko jangwani miezi na miezi, akirudi, analala. Mtoto Mungu hakuwapa. Jamaa zake walikuwa mbali Lorugum. Kuna siku aliongea na sufuria ili tu asikie sauti ya mtu ndani ya nyumba. Alimwita Lokiru mara ngapi, naye akaguna tu? Na leo kitu kisicho na mdomo kinaita mara moja, mwanamume anajibu "nipo" kwa sauti ambayo mkewe hajawahi kuisikia.

Lakini mstari ulipofika chini ya kifua, wivu ulimtoka wenyewe. Alielewa kwamba maji yale yakifika puani, mumewe atakufa maji juu ya sakafu kavu, katika mji ambao mvua ni habari ya kupigiana simu.

Asubuhi moja Lokiru alipotoka kwenda chooni, Akiru aliitia pingili ndani ya gunia, akapanda gari la Probox la kwenda Kakuma. Akamkuta Adhar nyumbani kwa mama yake kambini, akipepeta mtama.

"Ejok?" Akiru akamsalimu.

"Ejok nooi, dada. Karibu."

Akiru akafungua gunia. Adhar akapiga magoti, akaishika ile pingili kwa mikono miwili.

"Mume wangu ndiye aliichukua," Akiru akasema. "Nisamehe. Irudishe kwa wenzake."

"Wenzake wako Nairobi tayari, wamefungwa kwa plasta wasivunjike. Itafuata." Adhar aliipangusa vumbi polepole. "Unajua, hawa huwa hawaishi peke yao. Wanaitana majini, mmoja huku, mwenzake mbali sana. Siku hizi hata walio hai wanaitana na hawasikiani. Bahari imejaa meli, injini hazinyamazi. Mmoja anaita mpaka anachoka, na mwenzake yuko pale tu."

"Na huyu wetu anaita nani?"

Adhar alianza kutabasamu, halafu akaacha. Akatazama mlangoni kama mama yake yuko karibu, akashusha sauti.

"Nani amekwambia anaita?"

Akiru akaweka kiganja kifuani, pale alipousikia mlio.

"Mimi nilihamisha hema langu kule tulikochimba," Adhar akanong'ona. "Nikasema ni joto. Sikumwambia mtu. Uliitika?"

"Mimi hapana. Mume wangu."

Adhar akaifunika pingili kwa kanga, akatoka kumtafutia gari la kurudi.

Akiru alifika nyumbani akidhani ameutua mzigo. Wapi! Lokiru alikuwa amelala pale pale, shingo juu ya kitu kisichokuwepo, kichwa kimeinuka kidogo kutoka sakafuni kama kimeshikiliwa na mkono, na mstari ukutani ulikuwa umepita kimo cha chuchu zake.

Hapo ndipo alipopiga mbio hadi Nawoitorong kumleta Nakuleu. Huyu mama ni emuron, mganga wa kurusha viatu, na mdomo wake haujui adabu. Aliingia, akanusa, akasema, "Nyumba yenu inanuka kama mimba ya mamba," akavua akala zake, viatu vya tairi, na kuzirusha. Zikaanguka nyayo juu, zimeelekea mgonjwa. Akarusha tena. Vile vile. Mama akaacha mzaha.

"Mfupa ni mfupa tu, mtoto wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Jini hili halikai kwenye mfupa. Linakaa kwenye jibu. Mume wako aliota ndoto yake, akaliitikia, sasa linajua mtu yuko. Kesho likiita, asiitike. Shika mdomo wake. Likikosa jibu litaita mara ya mwisho, halafu litakwenda zake. Akijibu tena, mtafute mganga mwingine, huyu mtamzika."

"Ni hivyo tu?"

"Unaona ni kidogo? Ngoja usikie."

Siku ya pili, jua lilipofika utosini, Nakuleu alikaa mlangoni akitafuna tumbaku na kuitema kushoto na kulia, na Akiru akampakata mumewe kichwa, kiganja kimeziba mdomo wake. Mlio ukaja. Lokiru akatutumka, midomo ikahangaika chini ya kiganja, na Akiru akakaza mkono huku akilia. Mlio ukaja tena, sasa ukiwa karibu, mabati yakatetemeka, mstari ukapanda shingoni, ukapanda kidevuni, na vidole vya Akiru vikalowa maji baridi ambayo hakuyaona, naye akaendelea kukaza, akiomba, akimwita Yesu na akiwaita marehemu wa kwao wote pamoja, hadi ukimya ukaingia, ukimya mkubwa, na Nakuleu akanyanyua kidole kimoja kusema bado, imebaki moja.

Ndipo likaita mara ya mwisho, na haikuwa sauti ya kutisha hata kidogo, laiti ingekuwa ya kutisha, ilikuwa ndogo, imechoka, sauti ya aliyeita tangu kabla watu hawajakuwepo duniani, akangoja, akaita, akangoja, na hakuna aliyemwambia hata nenda zako, na Akiru aliyekuwa akiongea na sufuria aliitambua sauti ile kama anavyoitambua yake mwenyewe, na kabla akili haijamfikia ulimi ulikuwa umeshasema:

"Nipo."

Mstari ukashuka kwenye mabati, ukapotea. Lokiru akapiga chafya, akaketi, akaomba nyama. Nakuleu aliokota viatu vyake. Alimtazama Akiru kwa huruma, akaondoka miguu mitupu, viatu mkononi, bila kuaga.

Lokiru alipona. Akanenepa, akakataa kurudi jangwani, akasema sasa atakaa na mke wake. Na kweli alikaa. Alimsimulia habari za barabarani, alimnunulia sukari, alimpangia majani ya mkoma. Akiru alisuka kimya, macho kwingine. Lokiru alifikiri ni uchovu wa kuuguza, akasema utaisha.

Leo adhuhuri alitoka ndani akamkuta amesimama uani, juani, amempa kisogo.

"Akiru," alimwita.

"Nipo," Akiru akasema, kwa upole ambao Lokiru hakuwahi kuusikia tangu amwoe. "Nipo hapa. Nakuja."

Lokiru akafurahi. Akasogea, akamshika bega ili amgeuze, na nguo zake zote zilikuwa zimelowa, na alipouona uso wake alijua kwamba hakuwa akimjibu yeye.