Mashavu ya Kambo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bénie alichuma majani ya mpera nyuma ya nyumba yao katika mtaa wa Katuba. Aliyachemsha mpaka maji yakawa na rangi ya kutu, kisha akayapeleka ayanywe bibi yake mzaa mama, Marie-Thérèse, ambaye wote walimwita Kambo, yaani bibi. Magoti ya Kambo yalikuwa yamevimba tangu mvua za kwanza, na kila alipoinuka kitandani aliuma meno ili asilie.

Alasiri ilikuwa na kazi nyingine, ambayo mama yake Bénie, Germaine, hakuijua. Kambo alimtuma Bénie kwa muuza dawa aliyezunguka na sinia karibu na soko, amletee vidonge vyeupe.

"Mama yako asijue," Kambo alimwambia. "Yeye alikataza dawa za barabarani. Lakini si yeye anayeumwa. Unataka unione natambaa kama mutoto?"

Bénie hakutaka. Alimpenda Kambo kuliko mtu yeyote, basi akanyamaza.

Uvimbe uliisha haraka ajabu. Kambo akatembea. Tena akanenepa: mashavu yakajaa, uso ukawa duara kama chungwa. Pale mtaani aliyenona ndiye aliyepona, na majirani hawakuchoka kusifu.

"Kambo, weye unatafuta bwana mupya?" Mama Chisanga alimtania kutoka upande wa pili wa ua. "Mashavu hayo si ya bure."

Kambo alicheka mpaka akakohoa. Germaine alimweleza kila mtu kwamba ni majani ya mpera, na watu wakaanza kuja kuyaomba. Bénie aliwachumia, macho yake yakiwa chini.

Kisha siku moja Kambo aliinama kuokota sahani, na mfupa wa paja ukavunjika. Hakuanguka kwanza. Mfupa ulivunjika, ndipo akaanguka.

Hospitalini, Daktari Lombe, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliitazama picha ya mifupa kwa muda mrefu. Alisema mifupa imeliwa kwa ndani kama ubao ulioingiwa na mchwa. Akauliza mgonjwa alikuwa akitumia dawa gani.

"Majani ya mpera tu," Germaine alijibu.

Kambo alifumba macho. Bénie akatazama sakafu.

Tangu hapo Kambo akawa anaisha. Alitapika hata maji, ngozi ikawa ya baridi, sauti ikapotea. Upasuaji uliahirishwa, maana mwili haukuwa na nguvu ya kuuhimili, na daktari hakuelewa sababu. Germaine aliyalaani majani. Mama Chisanga alimwaga yote aliyokuwa ameyaanika. Jamaa waliokuja kumwona mgonjwa walianza kunong'ona habari za maziko.

Bénie alijikunyata chini ya dirisha la wodi. Akisema, amemsaliti Kambo. Akinyamaza, anamzika. Alitafuta njia ya tatu, hakuiona. Mwishowe aliinuka, akamfuata daktari mlangoni.

"Dokta, si majani tu," alisema. "Kambo alikuwa anameza vidonge vyeupe. Mimi ndiye nilikuwa naenda kununua. Ni mimi ninayemuua?"

Daktari alimshika bega. Alimwuliza vidonge vilikuwaje, na Kambo alivitumia tangu lini, kisha akawaita wauguzi papo hapo. Kambo alipokwisha kudungwa sindano, daktari aliwaketisha Bénie na mama yake kwenye benchi, akamweleza Germaine habari ya vidonge.

"Majani hayana kosa," alisema. "Mpera, vitunguu na mboga za majani vina viini vinavyoitwa flavonoidi. Vinaweza kutuliza uvimbe kidogo kidogo, na wataalamu wanachunguza kama vinaweza pia kulinda mifupa. Havifanyi miujiza. Vidonge vile huzima uvimbe haraka, lakini vikimezwa muda mrefu bila daktari, vinakula mifupa. Unene ule haukuwa afya. Na mtu akiviacha ghafla, kama alivyoviacha alipolazwa hapa, mwili wote unaporomoka. Ndicho kilichokuwa kinammaliza mbele ya macho yangu, nami sikujua."

Dawa ile ile ya vidonge ilimrudisha Kambo, safari hii kwa kipimo. Siku chache baadaye akapasuliwa. Ila daktari hakuwaficha: huenda asitembee tena bila kushikwa mkono.

Germaine alilia kwanza, halafu akamvuta binti yake.

"Hukuvunja mfupa wa mama yangu," alisema. "Lakini siri anayofichwa daktari ni ugonjwa wa pili. Mkubwa akikupa mzigo wa namna hiyo, hata kama unampenda sana, usiubebe peke yako. Niletee mimi."

Bénie aliingia wodini na bakuli la uji. Kambo aligeuza uso, akatazama ukuta. Bénie akaketi, akachota kijiko kimoja, akangoja. Mkono ulianza kumchoka, uji ukaanza kupoa. Kisha Kambo, bila kumtazama, akafungua mdomo.